Sabuni ya Ndotoni

Jumamosi, 7 Agosti 1982

Leo tumepoteza saa nzima kutafuta neno moja. Dada Evarista ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, amesomea Ulaya, na amerudi na kitabu cha daktari mmoja wa huko anachotusomea kila Jumamosi katika darasa langu, watoto wakishaondoka. Tunakaa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamegusa kidevu. Kitabu kinasema kila mtu ana sehemu ya nafsi asiyoijua mwenyewe, na ndoto hupikwa huko. Sawa. Tuiiteje kwa Kiswahili? Mmoja anataka "nafsi ya chini". Mwingine "giza la moyo". Anselmi, karani wa bandarini, akasema tuiite uani. Kila nyumba ya Kariakoo ina baraza ya kukaribishia wageni na ina uani, na mgeni haonyeshwi uani. Tulicheka, lakini neno lilipita. Nililiandika ubaoni mwenyewe.

Anselmi ni Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu. Ananiambia sisi tunauza shamba ili tucheze ngoma. Namwambia babu yake alifika pwani na mzigo wa mtu kichwani. Basi ndiyo salamu yetu.

Mwishoni Evarista akatuapisha. Wiki ijayo kila mtu alete ndoto yake, na ya humu darasani yabaki humu darasani. Tulinyosha mikono. Anselmi alinyosha yote miwili.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeota. Mama mkwe amekufa, amelazwa kitandani uani, nami namwosha. Bomba linatoa maji, na si kidogo, yanamwagika mpaka barabarani. Mkononi nina sabuni ya mche, mche mzima ambao haujakatwa. Povu mpaka viwikoni! Na mimi naimba.

Nimeamka nimenuna. Hatujaona sabuni humu ndani tangu kabla ya Ramadhani. Tunafua kwa maji matupu na majivu, shuka zimekuwa na rangi ya mwiko. Halafu unaota povu, unaamka, unakuta mikono mikavu.

Bi Mwanamkuu mwenyewe alikuwa uani, mzima wa afya, anapepeta mchele. Hata sikufungua mdomo. Alinitazama usoni tu akasema, "Mwalimu, umeota vibaya. Usinisimulie asubuhi yote hii. Tema mate kushoto, kageuze mto." Nikatema. Halafu akaniambia nimechelewa kuwasha moto. Miaka yote niliyoolewa humu, ufunguo wa kabati la sukari bado ameufunga kwenye pindo la khanga yake. Natia sahihi kadi za watoto arobaini na tano shuleni, nyumbani naomba sukari.

Jumamosi, 14 Agosti

Nina hasira.

Nilikuwa wa kwanza kusimulia kwa sababu wengine wote walikuja mikono mitupu. Eti hawakuota. Nilisimulia yote, maji, povu, na kuimba. Evarista akavua miwani, akasema taratibu, kwa sauti ile ya wodini, "Ndugu Siti, kitabu kinasema ndoto ni matakwa. Unataka mama mkwe wako afe. Usione haya, kila mtu anayo kama hiyo."

Nikamwambia, dada, matakwa yangu ni sabuni.

Darasa likaangua kicheko. Evarista hakucheka. Akasema sabuni ni kawa tu, chakula kiko chini yake. Nikakataa. Akasema kukataa kwa nguvu namna hiyo ndiyo dalili yenyewe. Sasa mtu ajitetee vipi hapo? Ukikubali, umekubali. Ukikataa, umekubali. Hata polisi wa kituo cha Msimbazi atakuachia mwanya wa kusema hapana.

Yeye anakaa kule Upanga, kwenye nyumba za wauguzi, peke yake, kabati lake mwenyewe na ufunguo wake mwenyewe. Anajua nini kuhusu kuishi na mkwe? Anselmi aliniambia wakati tunatoka, "Pole, mke wangu. Ukishamwosha huyo, uje unioshe na mimi." Nilimpiga na daftari begani. Ndiye pekee aliyenichekesha leo.

Jumatatu, 16 Agosti

Foleni duka la ushirika tangu alfajiri. Walisema sabuni. Imetoka dawa ya meno.

Nimerudi nimechoka na maneno ya Evarista bado yananikereketa, nikaona heri nimwambie mwenyewe. Nilimkuta Bi Mwanamkuu peke yake uani, anachambua mchicha. Nikakaa chini nikamsimulia yote, hata kuimba. Nilitegemea anitimue. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Umeniongezea umri, mwalimu. Aliyeoshwa ndotoni hafi leo wala kesho. Na hiyo sabuni, mche mzima, umeitoa wapi, mbona hukunibakishia?"

Kisha akakaza uso. Akasema bahati yangu nimemletea yeye. Ndoto iko juu ya bawa la ndege, inaelea tu, mpaka mtu aifasiri. Anavyosema mfasiri wa kwanza ndivyo inavyotua. Wengine wana midomo mibaya. "Hujamwambia mtu mwingine?"

Nikasema hapana. Ningesema nini? Kwamba nilikaa na wanaume kwenye madawati nikawasimulia maiti yake?

Akafungua pindo la khanga, akanipa ufunguo nikachote sukari mwenyewe. Nilitia vijiko viwili kwenye chai yake na viwili kwenye yangu. Ufunguo nikamrudishia.

Jumamosi, 21 Agosti

Sikwenda kwenye kikundi. Waote wenyewe.

Anselmi alipita jioni, akasimama barazani. "Mtani, umeshamaliza kuosha?" Nikamwambia anyamaze, watu wako ndani. Akapunguza sauti, akasema kama shida ni sabuni tu, kuna jamaa wa melini, atanitafutia. Nikamwambia ahadi za Mnyamwezi nazijua. Akaenda zake anacheka.

Jumatano, 1 Septemba

Mama mkwe amefariki. Alisimama kuchota maji, akasema kichwa kinamgonga, akakaa kwenye kigoda, hakuinuka tena. Daktari amesema presha. Nilikuwa shuleni, nikaitwa mlangoni na jirani.

Siwezi kuandika.

Ijumaa, 3 Septemba

Tumemzika jana baada ya adhuhuri. Naandika leo kwa sababu jana ningechana karatasi.

Asubuhi ile wanawake tulikuwa uani, nyuma ya shuka. Bibi mwoshaji akauliza sabuni. Wifi yangu Mboni alikuwa na kipande chembamba kama ukucha. Ndipo Anselmi akaingia. Alivaa khanga ya marehemu juu ya suruali, kama watani wanavyofanya, anatembea kwa mwendo wa Mama, mkono mmoja kiunoni, anauliza kila mtu, "Nani ameingia kabatini mwangu? Sukari yangu imepungua." Alimpata kabisa, hata kikohozi. Watu walicheka huku wanalia. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuta pumzi tangu juzi.

Akasimama mbele ya shuka. Akatoa gazeti lililofungwa, akalifungua. Sabuni ya mche. Mche mzima ambao haujakatwa.

"Pokea, mke wangu," akasema, sauti mpaka barazani kwa wanaume. "Hii ndiyo ile ya ndotoni. Na nyinyi mwosheni polepole, bibi huyu ameshaoshwa mara moja. Mke wa mwanawe alimwosha mwezi uliopita, tena akiimba."

Wengine wakacheka, maana ni mtani. Mboni hakucheka. Aliushika ule mche akanitazama, akautazama tena. Tuliutumia, tungefanya nini? Mimi ndiye niliyemwaga maji. Povu likanifika viwikoni. Nilijua mahali kila povu litakapoangukia.

Nilimfuata Anselmi mlangoni kabla jeneza halijatoka. Nikamwambia uliapa. Alishangaa kwa dhati, hakuwa anaigiza. "Niliapa darasani, mtani. Hapa sikuja kama mwanakikundi. Nimekuja kama mtani wako, na mtani hafungwi mdomo msibani. Ningekuja nimenyamaza, mngesema sikumpenda bibi." Halafu akauliza, "Na sabuni je, haikufaa?"

Ilifaa. Ndiyo inayoniua. Mtu alihangaika bandarini siku zote hizo kwa ajili yangu, akaileta siku niliyoihitaji kuliko zote, akaifungia ndani yake kisu. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye mkosa adabu, wewe ndiye unayelipishwa. Nimpeleke wapi huyu? Nimekaa na hasira isiyo na mahali pa kwenda, nimeifulia, nimeipikia ubwabwa wa msiba.

Jumamosi, 4 Septemba

Evarista amekuja kuhani. Nilimkaribisha mkekani kama watu wengine. Alinishika mkono, akanipa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, nakiri. Kisha akainama sikioni. Utani wa Anselmi, akasema, ni sura inayofuata ya kitabu kabisa, mambo ya uani yanayotokea barazani yamevaa kicheko. Je, nikishatulia, nitakuwa tayari tuuzungumzie kikundini?

Nilimwambia chai yake inapoa.

Hajui alichokifanya. Aliposema lile neno lake darasani, kwamba nataka Mama afe, alikuwa anasoma kitabu. Huku kwetu neno lile ni kitu kingine. Linatua.

Mboni sasa hanisemeshi. Hanipi sahani mkononi, anaiweka chini. Kile kipande cha sabuni kilichobaki kipo juu ya ukuta wa uani tangu juzi. Nyumba nzima nguo chafu, na hakuna anayekigusa.

Ufunguo wa kabati sasa uko kwenye pindo la khanga ya Mboni.

Jumapili, 5 Septemba

Hitma imesomwa asubuhi. Wageni wameondoka, wamebaki wa ukoo. Wako ukumbini sasa hivi, mimi niko chumbani, pazia tu katikati. Nasikia kila kitu na hawajali kwamba nasikia.

Mboni alianza. Hataki kulala nyumba moja na mtu aliyemwosha mama yake akiwa hai. Kaka achague.

Mzee Mwinyimvua, kaka wa marehemu, akamkatiza. Maneno ya mtani hayahukumiwi, akasema, tangu enzi za wazee wake. Mtani angeweza kusema marehemu kaiba ng'ombe na bado tungempa haki yake. Nikashusha pumzi. Nilimpenda mzee yule kwa moyo wote.

Mboni akasema hahukumu maneno ya mtani. Anauliza ndoto. Iliotwa au haikuotwa?

Nikajibu mwenyewe, nyuma ya pazia. Iliotwa.

Mzee Mwinyimvua akasema kuota si kosa, hakuna achaguaye. Na anayeotewa kifo huongezewa umri, hilo hata mtoto analijua. Isipokuwa ndoto hufuata mfasiri wake wa kwanza. Basi swali ni moja tu. Nani aliifasiri kwanza, na alisema nini? Aulizwe mwenye ndoto, na aulizwe na mumewe, sisi si polisi.

Sadalla, mume wangu, ameingia. Amekaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu, hajanyoa tangu Jumatano. Hajanigombeza hata mara moja. Ningependa anigombeze, ningejua pa kuanzia.

Nimemwambia Mama aliifasiri. Uani, anachambua mchicha. Alicheka, akasema nimemwongezea umri, akaniuliza kwa nini sikumbakishia sabuni. Sadalla alitaka kutabasamu. Ni maneno ya mama yake kabisa, hakuna awezaye kuyatunga. Akaniuliza nani alikuwepo. Hakuna. Akasema haidhuru, anayaamini.

Kisha akauliza, taratibu, kama anayeniombea jibu zuri. "Ulimwambia Mama kwanza, Siti? Kabla ya wale wenzako?"

Nimeshika kalamu ili nisimtazame. Anadhani natafuta siku humu daftarini. Mimi ni mwalimu, nina cheti, nafundisha sayansi mpaka darasa la saba. Nina hasira na Evarista, na Anselmi, na huyu wifi, na swali la kijinga kiasi hiki linaloweza kunitoa ndani ya nyumba. Nina hasira na Mama, aliyeniambia habari za ndege yule na bawa lake, kisha akafa. Presha haina masikio. Najua hivyo.

Na bado kichwani nahesabu. Jumamosi. Halafu Jumatatu.

Mboni anaita kutoka ukumbini, "Kaka, wazee wanangoja." Sadalla hajasogea. Anautazama mkono wangu unavyoandika.