Kipande Kilichotoka Mu Shingo ya Papa

Bukavu, mvua inanyesha

Mudogo wangu Nabintu,

Jambo sana kwako na kwa watoto wote kule kwetu Luhwindja. Jibu ya kile kipande walikata mu uvimbe wa shingo ya papa, baba yetu, ilifika jana kutoka Ubelgiji. Daktari alituambia: "Kila kansa iko na protini zake. Kule wanatia dawa yenye kuzishika, rangi inaonekana, ndipo tunajua ni kansa gani na dawa gani itaiponyesha. Lakini kipande kilikawia sana mu formoli, ile dawa ya kuchunga nyama isioze. Protini ziliharibika, hawakuona kitu. Tukate tena."

Papa alitikisa kichwa. "Dokta, miezi ine nilingojea jina ya ugonjwa yangu. Sasa hata mate haipite. Acha nirudie kwangu."

Nilimubembeleza mupaka nikalia. Alikataa. Nilimununulia sambaza za moto, zile samaki kidogo za ziwa anazopenda, akanusa tu, akasema nikule mimi. Nilizikula zote, Nabintu, na nilijichukia.

Tutapanda lori ya Ijumaa, tumurudishe kwake Luhwindja. Watoto wakiuliza babu anagonjwa nini, uwaambie kweli: hakuna mwenye kujua.

Mungu akushike vizuri, mupenzi wangu.

Dada yako, Furaha