Nyota ya Saba ya Kilimia

Baba yangu,

Mwadila, baba, nakuamkia kwa Kisukuma chetu. Nimeolewa! Sijui kama habari hufika huko, ila siwezi kukaa nayo hii. Wiki ya tatu sasa mimi ni mke wa Masanja, yule mpiga picha uliyesema ana mikono ya kushika plau, si kamera. Mikono hiyo, baba, inashika kamera kama kifaranga. Nampenda mpaka nacheka peke yangu jikoni.

Unakumbuka ulipokuja kukaa nami Bariadi kwa matibabu? Kila jioni ulisimama uani, ukainua uso, ukasema, "Taa zenu zimekula Kilimia." Ukaniambia kwamba enzi za kuchunga uliona nyota saba katika kile kishada cha angani. Nikasema ni sita, nimezihesabu tangu utoto, huo ni uongo wa wachungaji. Nikaahidi tutakwenda nyumbani Mwandoya kuzihesabu pamoja. Hatukuwahi. Lile neno "uongo" limenifuata tangu tulipokuzika.

Jumamosi nikamwomba Masanja anipeleke nyumbani na kamera yake. Nilitaka giza tu. Loo! Baba mdogo alikuwa ameazima taa za sola za majirani wote, akazitundika mpaka zizini. "Bwana harusi hapokelewi gizani!" Masanja akaninong'oneza, "Mke wangu, mbona hapa kunang'aa kuliko Bariadi?" Nani angethubutu kumwambia azime? Tukala kuku, tukashukuru, tukaaga kwamba tunakwenda kukusalimia.

Na kweli tulikuja kwako, ng'ambo ya shamba linalosubiri mbegu za pamba. Huko taa hazikufika. Masanja akasimamisha kamera karibu na kaburi lako, akaielekeza kwenye Kilimia, akanishika mkono, akasema nisitikisike. Nilisikia moyo wake.

Kisha akaikuza picha. Nikahesabu kwa kidole, kama ulivyonifundisha. Nne. Tano. Sita.

Saba, baba. Ipo. Ndogo, pembeni, imetulia tu. Na nyuma yake nyingine nyingi, kama pamba iliyomwagika. Nililia, Masanja akanifuta machozi kwa shati lake la harusi.

Hukudanganya. Nisamehe.

Picha iko juu ya kitanda chetu. Mungu akitujalia mtoto, nitamleta hapo kwako kabla hajajua kusoma. Akikwama kwenye sita nitamwambia atulie, aangalie tena, babu yake aliiona.

Pumzika, baba. Giza la kwako ni zuri.

Binti yako