Pakruok Mbele ya Mkurugenzi

Ijumaa, usiku

Mkataba wangu unaisha mwezi huu, Mama Mkurugenzi ndiye wa kuurefusha, na leo nimemtania mbele ya ukumbi mzima.

Kazi yangu kwenye sherehe ya ofisi ilikuwa kumkaribisha Mzee Okumu jukwaani, basi. Lakini utamkaribishaje mtu aliyechora vibonzo vya magazeti, akaandika riwaya, na sasa anachekesha watu harusini hadi Kombewa? Niliandaa hotuba nzuri. Sikumaliza hata sentensi ya pili.

"Wewe kijana," akanikatiza, "kwetu humsifu mtu kabla hujajisifu mwenyewe. Tupe pakruok! Wewe ni nani?"

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi na majigambo wapi na wapi? Mdomo ukafunguka wenyewe: "Mimi ni karani wa kutoka Pap Onditi, ninayeogopa viatu vya Mama Mkurugenzi kuliko radi!"

Watu wakavunjika mbavu. Mzee Okumu akachora papo hapo: mimi chini ya meza, viatu vya visigino virefu mlangoni.

Mama hakucheka. Alipanda jukwaani polepole, ko, ko, ko, akanyakua maikrofoni.

"Na mimi nijisifu! Mimi ndiye mwenye viatu vinavyoamsha makarani! Huyu kijana Jumatatu atoke chini ya meza, aje asaini mkataba mpya."

Nimefika nyumbani, sijaweza kula. Hofu nimeizoea. Hii furaha sijui niiweke wapi.