Kipande Kilichonyimwa

Ihanja, Ikungi,
Tarehe 9 Oktoba.

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Belinda,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hata kabla ya kufungua bahasha, kwa hiyo naitikia kabisa tusipoteze muda. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo tangu Jumapili linaniambia mvua haiko mbali. Wewe je? Unakula? Ulipoondoka hapa mwezi uliopita shingo yako ilikuwa nyembamba kama ya kuku anayeatamia. Kula kwanza, halafu ndiyo usome. Barua hii ni ndefu na huko mbele ina kitu kibaya.

Anayeandika ni Rahel wa hapa jirani, karani wa kigango. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie maneno kama anavyompambia katekista. Amecheka. Nimemwambia asicheke, aandike.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu huku inashika pale kwenye mashine ya kusaga tu, na pale nikisema jambo, kabla sijakata jirani yetu Yustina ameshalipika na kulipakua kijiji kizima. Tena Gervas, yule bwana shamba uliyemwacha aje kupima mtama kila Alhamisi, aliniambia kwamba kwenu wasomi kitu kisichoandikwa hakikutokea. Basi hili nataka lijulikane kwamba lilitokea.

Kwanza nikuambie, mjukuu wangu, haya masomo yako siyaelewi. Digrii ya kwanza niliielewa: ulienda, ukakaa darasani, ukarudi na joho, tukachinja mbuzi. Ya pili nayo tukachinja. Hii ya tatu haina darasa, haina mwalimu wa kusimama mbele, na shule yenyewe ikahamia shambani kwangu. Ulikuja na kamba na vigingi, ukakaa mbele yangu na karatasi, ukaniuliza jina langu. Mimi niliyekutafunia nyama ulipokuwa huna meno! Ukauliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikasema hakuna, ukaandika hakuna. Ukauliza natumia nini kurutubisha shamba, na samadi yenyewe ulikuwa umeikanyaga na viatu vyako vyeupe. Halafu ukanisomea kwamba nakubali kwa hiari yangu, na siku nikitaka kujitoa nijitoe tu, hakuna wa kunilaumu. Nikaweka dole gumba. Nilijiuliza mtu anajitoaje kwenye shamba lake mwenyewe, lakini nikanyamaza, maana ulikuwa umependeza na kalamu yako.

Ukaligawa shamba la kando ya barabara vipande vitatu. Cha kwanza ukakipa samadi kutoka zizini kwetu. Cha pili ukakipa mbolea ya dukani. Cha tatu, kile kinachopakana na njia ya kisimani, ukasema hakipewi kitu chochote mpaka mavuno. Nikakuuliza kimekosa nini. Ukanieleza kwa upole kwamba bila hicho hatutajua samadi imefanya kazi gani. Nikakuambia mimi najua samadi inafanya kazi gani tangu kabla baba yako hajazaliwa. Ukasema wewe pia unajua, lakini profesa anataka uthibitisho. Nikamhurumia huyo profesa. Ukanishika mikono yote miwili ukasema, bibi, kile cha tatu usikiguse. Nikaitikia. Niliitikia vizuri sana, kama ninavyomwitikia padri anapokataza pombe.

Wewe ukarudi Morogoro. Mvua ikanyesha, mtama ukaota. Vile vipande viwili vikasimama, vikawa na rangi ile nzito ambayo ukiiona unajua mwaka huu utakula. Cha tatu kikawa cha manjano. Majani yakajikunja kama vidole vya mtu anayesikia baridi. Na umekiweka njiani, mjukuu wangu! Kila mwanamke mwenye ndoo alipita anakiangalia. Yustina akanikuta kisimani mbele ya watu akaniuliza kama ng'ombe wangu siku hizi hawanyi. Mwingine akauliza kama nimegombana na shamba. Yustina akamjibu kwamba hapana, mjukuu wa Magdalena anasomea kukondesha mtama, na akifaulu wataanza na mbuzi. Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Mimi nilirudi nyumbani bila kujaza ndoo.

Sasa nije kwenye ile siku uliyokuja mwezi uliopita. Hukuwa umetuma habari. Ulishuka kwenye basi na begi moja, ukakaa jikoni, ukaniambia kwamba profesa amezikataa namba zako. Ulisema kipande kisichopewa kitu kimezaa karibu sawa na kile cha samadi, na kwamba haiwezekani. Alisema ama ulichanganya vifuko wakati wa kupima, ama umekaa chini ukazibuni. Alikupa mpaka mwisho wa mwaka utoe maelezo, na ukishindwa miaka yako mitatu imeisha hivyo hivyo. Ukasema hujui cha kumweleza. Ukasema labda ulichanganya vifuko kweli, labda akili yako haitoshi, na kwamba kuna duka la pembejeo Singida Mjini wanatafuta mtu wa kuuza. Ukasema, shamba limenidanganya, bibi. Ukalia mpaka kamasi zikaingia kwenye uji.

Mimi nikakuongezea uji. Hukushangaa? Mimi ninayesema kila kitu, siku ile sikusema neno. Nilikusindikiza mpaka barabarani, nikakufungia mayai, basi likaja, ukapanda, na mimi bado nimefunga mdomo.

Belinda, shamba halikukudanganya. Ni mimi.

Nilikilisha. Rahel ameacha kuandika, ananiangalia. Nimemwambia aendelee. Nilikilisha kile kipande mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kesho yake baada ya yale ya kisimani, nilipomaliza kukamua. Nilichukua lile beseni la bluu lililopasuka ukingo, nikazoa samadi iliyooza vizuri, ile ya chini, nikaitia kwenye mashina kwa mkono, nusu beseni kila mstari, nikafukia kama paka ili Gervas asione. Mara ya pili ni baada ya palizi. Mara ya tatu mtama ulikuwa unakaribia kutoa masuke. Gervas alipima akakuna kichwa, akasema udongo huu una maajabu. Nikamkaribisha viazi.

Usifikiri ni Yustina peke yake. Maneno ya Yustina ningeyavumilia, nimeyavumilia miaka arobaini. Ni kwamba nililea watoto saba, na sijawahi hata siku moja kupakua sahani mbili wa tatu akiangalia. Kila asubuhi nikifungua mlango kile kipande kinaniangalia. Nilishindwa. Nikajiambia kwamba nakusaidia, kwamba mtama ukizaa kote utafurahi, maana ni nani anayelia kwa sababu mtama umezaa? Mpaka leo najaribu kuelewa. Mtama umezaa, na mtoto wangu amelia. Nikiligeuza hivi halikai, nikiligeuza vile halikai. Babu yako Mughwai angekuwepo angeniambia mimi ni mkaidi, yaishe. Lakini yeye naye alikuwa akiwapa mbwa nyama kwa siri.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijui kama lina maana, wewe ndiye msomi. Kipande kile kina mistari kumi, si ndivyo? Mimi sikuilisha yote. Kuanzia njiani nililisha saba. Ile mitatu ya mwisho, nyuma ya kichuguu, goti lilinikatalia kupanda pale na beseni, tena kutoka njiani haionekani, na kutoka mlangoni haionekani. Nikaiacha. Haikupata hata konzi moja, mara zote tatu. Na wewe ulivuna kila mstari kwenye kifuko chake, ukakifunga na kikaratasi. Vifuko vyote viko darini, sijala hata punje. Jana nilimwita Gervas, nikamwambia kama ninavyokuambia wewe. Alipanda mwenyewe, akavishusha vifuko vya ile mitatu, akavipima kwa mizani yake. Alipomaliza alisema tu kwamba ni vyepesi kuliko vile saba. Alisema kama mtu anayetaka kucheka na kulia. Mimi sikumuuliza, nimechoka kuuliza.

Mpelekee profesa barua hii. Mwambie mjukuu wangu hakubuni namba, na akili yake inatosha. Aliyeharibu ni Magdalena, yule wa karatasi ya kwanza, aliyeandikwa hakusoma. Akitaka kuniuliza aje, nitamwonyesha beseni, nitamwonyesha kichuguu. Akisema mistari mitatu haitoshi, basi panda upya. Mvua inakuja na shamba ni lako, vipande vyote vitatu, pale pale njiani.

Ila mimi sitakuwepo. Nimeshamtumia habari shangazi yako Editha, kule Kinampanda, kwamba mvua ya kwanza ikidondoka naenda kwake na nitakaa mpaka uvune. Rahel ndiye atakayekamua ng'ombe. Unajua tangu niolewe sijalala nje ya nyumba hii zaidi ya siku tatu, na hizo zilikuwa za msiba. Unajua pia ugali wa Editha haujawahi kuiva. Lakini nikibaki hapa, mke mwenzangu, nitakilisha. Najijua. Nitakuahidi, nitaitikia vizuri, na asubuhi utanikuta na beseni. Karatasi yako ilisema naweza kujitoa. Basi najitoa.

Gervas anakusalimu, anasema usijibu lile duka kwanza. Rahel anakusalimu, amelowesha karatasi lakini hataki niseme. Yustina hajui chochote na asijue. Gervas ataipiga barua picha akutumie leo, na yenyewe nampa kondakta wa basi la kesho pamoja na karanga. Karanga ni zako, si za profesa.

Nisamehe, mtoto wangu. Kula.

Ni mimi bibi yako,
Magdalena wa Mughwai
(dole gumba langu ndilo hilo hapo chini, lile lile la kwenye karatasi yako)

Nimesahau: kile kipande cha tatu kikianza kuwa cha manjano, usinipigie simu Kinampanda kuniambia.