Shokapu za Nyuma

Jumatatu, 4 Machi

Gari la baba limeanza kudunda. Nyuma tu, mbele liko sawa. Nikipita tuta, mkia unapanda, unashuka, unapanda tena — tuta la pili linanikuta bado naruka. Leo kichwa kimegonga dari. Sikusikia maumivu. Siku hizi sisikii mengi.

Daktari amesema Ijumaa tumchukue baba hospitali. Kwao hakuna zaidi. Alisema taratibu, huku anafuta miwani. Nikamwambia asante. Asante ya nini!

Baba anataka kwenda nyumbani kwake, alale kwenye kitanda chake. Ndilo ombi lake, hana lingine. Safari ya siku nzima, na nusu ya njia ni mashimo matupu. Ugonjwa wenyewe umekaa mgongoni. Shuka tu ikivutwa vibaya, anakunja uso.

Basi, shokapu. Hilo naliweza.

Jumanne, 5 Machi

Kazini nimepiga pasi shati lile lile mara mbili. Bosi kaniona, kanyamaza. Nafuu angenifokea.

Mchana kwa fundi. Mnene kweli, mtaa mzima unamwita Kibonge na anaitika. Kaegemea buti, kakandamiza, kaachia. Gari likapanda na kushuka kama linacheza. Shokapu zimekufa, dada, akasema. Kisha akajisukuma chini ya gari akakaa huko. Nikaona miguu tu. Sauti ikatoka: hizi springi kaweka nani? Si za gari hili! Za magari ya mizigo hizi.

Nikajibu ni Kaka, mwezi uliopita. Alisema za zamani zimechoka. Kibonge akasema za zamani anazijua, hazikuwa na neno.

Akanieleza kama mtoto wa chekechea. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Springi ngumu inarudi kwa nguvu, shokapu ya kawaida haiwezi kuishika. Kwa hiyo na shokapu ziwe ngumu, zipatane. Lakini — mzigo gani unakaa nyuma? Maana bila kujua mzigo tunabahatisha.

Nikasema baba yangu, amelala kwenye godoro.

Ana kilo ngapi?

Sikujua. Alikuwa pande la mtu. Sasa namgeuza kitandani peke yangu.

Kibonge kakuna kichwa. Mtu mmoja mwepesi juu ya springi zile atahisi kila kokoto, hata ufunge shokapu za dhahabu. Zinataka uzito. Nimerudi nyumbani nikala nimesimama. Sikumbuki nimekula nini.

Jumatano, 6 Machi

Duka la spea. Muuzaji kaweka maboksi mawili kaunta. Hizi za kawaida, hizi za kazi ngumu. Nikamwelezea gari na springi zilivyo. Akatikisa kichwa kama mtu anayezijua: aa, za msiba hizo!

Nini?

Akaeleza bila wasiwasi wowote, huku anatafuna kijiti. Gari refu kama lile likibeba jeneza, na watu sita, na mabegi yao, nyuma linalala mpaka bomba linakwaruza lami. Ndiyo maana wenye magari ya kubeba maiti hukaza springi mapema. "Pole, dada, nani kafariki?"

Nikasema bado.

Bado! Ndivyo nilivyojibu. Kama naulizwa chai iko tayari.

Nikakumbuka Kaka ndani ya buti na futi ya kupimia, Jumapili ile. Nilimuuliza, akasema anapima godoro la mgonjwa. Nilimshikia ncha ya futi mwenyewe.

Nikampigia pale pale, mbele ya muuzaji. Hakukana. Daktari alimwambia mwezi uliopita, akaona anibebee mwenyewe. Nikamwambia unamchuria baba! Mtu anapumua, wewe unamwandalia gari! Akasema tahadhari kabla ya hatari, mdogo wangu. Methali! Saa ile! Kisha akashusha sauti: ulitaka siku yenyewe tuanze kuhangaika barabarani, baba kalala nyuma na gari limekaa chini? Mimi ndiye mkubwa. Nani mwingine angeyafikiria?

Nimekata simu. Nilidhani nitalia. Nikanunua maji, nikayanywa yote. Shokapu sijanunua. Mkono haukwenda kwenye boksi lolote.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemuuliza baba, springi za mizigo zinataka shokapu zipi. Sikuona wa kumuuliza mwingine, na ameendesha malori maisha yake yote. Nimeuliza kama vile ni gari la mtu.

"Mama," akaniita. Nina jina la mama yake, hajawahi kuniita lingine. "Mzigo gani?"

Nikapanga dawa zake mezani.

"Hizo springi kaweka nani?"

"Kaka."

Akatazama dirishani. Nesi akaja, kabadilisha dripu, kaandika, kaenda zake. Nikahesabu matundu ya pazia. Nikasema moyoni, nimemuua leo kwa mdomo wangu.

"Ana akili yule," baba akasema. "Mimi ningefanya hivyo hivyo. Nunua ngumu. Springi na shokapu zisipopatana, mtapinduka kwenye kona, na mtakuwa wengi humo ndani."

"Baba—"

"Lakini safari hii sikai nyuma. Mbele springi ni zile zile, nitakaa mbele. Nyuma weka mifuko ya mchanga, uifunge isisogee. Springi ngumu ikipata mzigo inashika adabu."

Nikauliza kiasi gani.

"Uzito wangu, na wa sanduku langu."

Akacheka! Kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mabega mpaka kikapita. Mabega ni mifupa mitupu. Akanisukuma kidogo: nenda, duka litafungwa.

Mimi sikucheka. Sikulia pia. Ganzi tupu. Nimenunua ngumu.

Ijumaa, 8 Machi

Shokapu zimefungwa. Kibonge kapakia mifuko mitatu ya mchanga, kakandamiza nyuma kwa kitambi chote. Likashuka, likapanda, likatulia. Umeona mambo hayo, akasema. Nimeona.

Kaka ametangulia kwa basi kuandaa nyumba. Hatukuagana vizuri, nilimwambia tu baba atakaa mbele. Baba nimemtoa hospitali, leo analala kwangu. Tunaondoka kesho alfajiri.

Jumamosi, 9 Machi

Kituo cha mafuta, katikati ya njia. Naandikia juu ya usukani.

Baba yuko mbele, amefunga mkanda, kanga ya marehemu mama mapajani. Kiti nimekilaza nusu. Njia nzima ananifundisha. Punguza. Hapa kamata kulia. Shimo usiliendee kwa breki, achia kabla. Gari limetulia kweli, hata kwenye mashimo. Mara mbili tu amekunja uso. Baada ya daraja akaacha kufundisha.

Kaka amepiga sasa hivi. Hakusalimu.

"Baba yuko mbele au nyuma?"

Nikaelewa anauliza nini. Nikamwambia mbele. Yuko mbele, kaka yangu, amekaa. Upande wa pili nikasikia analia, mtu mzima na ndevu zake. Sijawahi kumsikia. Nikashika simu tu, mpaka ikakatika yenyewe.

Baba kauliza ni nani, bila kufumbua macho. Nikasema Kaka. Akasema mwambie amechagua springi nzuri.

Mhudumu wa mafuta anagonga kioo, nisogeze gari, kuna foleni. Nimewasha. Baba ameweka mkono juu ya wangu, kwenye gia. Mkono wa baridi. Amesema tungoje kidogo, mama.

Sijamuuliza tungoje nini.