Kabla ya Picha Kubwa

Mama Mwende mke wangu,

Hapa Malaba mvua haikatiki na foleni ya malori haisongi. Jana mchana nikaona heri niingie sinema. Ukumbi uliwahi kugeuzwa stoo ya pamba. Sasa wameukarabati, una viti vyekundu, lakini harufu ya pamba haijatoka.

Kabla ya picha kubwa, Mzee Ekisa, anayepanga picha za kuonyeshwa, aliweka picha fupi isiyo na sauti. Madereva wanasimama mbele ya malori yao, mmoja mmoja, wanacheka na kupunga mkono. Watu wote wakaacha kutafuna njugu. Mama aliyeketi mbele yangu akamwambia mmoja wao pale kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha, "Baba Akinyi, mtoto amepona." Akatulia kidogo kama anayejibiwa, kisha akacheka.

Baadaye nikamuuliza mzee hao ni akina nani. Akasema kila dereva anayevuka kwenda Uganda yeye humpiga picha kwanza. "Akirudi, namkatia kipande chake aende nacho nyumbani. Hao umeona ndio bado kurudi."

Leo asubuhi amekuja na kamera hadi kwenye lori langu. Nilitaka kukataa, lakini wenzangu wote walikuwa wamekubali, nikasimama. Akaniambia, "Cheka kidogo, boss. Fikiria mwenye atakuja kukutazama."

Kesho tunavuka. Mbebe Mwende kwa niaba yangu. Na tafadhali, hata nikichelewa namna gani, usije Malaba kutazama sinema.

Mumeo,
Baba Mwende