Kanda Iliyokimbia

Jumapili, 3 Novemba

Rafiki yangu Ewald karudi kutoka gulio la mji wa Bytom na kitu kwapani, kakifunga gazeti. Macho yamemtoka kama mwizi wa kuku. Santuri ya Jogoo wa Chuma! Yenyewe! Wale Waingereza waliotoa santuri moja tu wakatawanyika, hata kwenye simu za siku hizi hawapatikani. Miaka arobaini tumewasikia kwenye kanda tu. Na kanda nilirekodi MIMI, Alojz Piechula, mchimba makaa mstaafu, darasa la nane, na hilo la nane kwa kusukumwa.

Ilikuwa redioni, mwaka wa themanini na nne. Mtangazaji akasema tayarisheni kanda. Akaipiga santuri nzima bila kufungua mdomo, katikati akaisimamisha kidogo tugeuze kanda. Mtu yule angegombea upapa ningempigia kura. Kanda yangu ikazaa nyingine, zile zikazaa nyingine. Kila nyumba ya matofali mekundu mtaani humu ilikuwa na mtoto wangu. Wa kanda, nasema. Wa kanda!

Ewald mashine yake ya santuri imekufa. Kaniachia mimi, niipeleke Alhamisi kwenye Usikilizaji, kikao chetu cha kusikiliza santuri.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeisikiliza. Peke yangu.

Kwanza nikadhani mashine inaumwa. Nikaweka santuri nyingine, mpya, ya wale wanawake wa Ureno wanaonguruma — sawasawa. Nikamrudisha Jogoo. Polepole! Kama mazishi ya askofu! Wimbo wa nne, ule wetu, tulioupiga jukwaani enzi zetu hadi tukaitwa wehu kuanzia hapa hadi Katowice, unatembea mikono mfukoni. Na mwimbaji ana sauti ya fahali. Nami miaka yote hii nimejibana koo niimbe juu kama paka.

Nimekaa mpaka chai ikapoa. Ndipo nikakumbuka. Siku ile ya redio, ule mpira unaozungusha mashine yangu ya kurekodia ulikuwa umelegea. Wiki iliyofuata nikaweka mpya. Basi. Kilichorekodiwa na mashine inayosinzia, ukikipiga kwenye mashine iliyoamka, kinakimbia. Hata darasa la nane anaelewa. Nimeelewa leo.

Mtaa mzima nimeukimbiza mbio miaka arobaini. Na kifua mbele!

Alhamisi, 7 Novemba

Nimedanganya. Nimemwambia Ewald santuri ina mkwaruzo, sindano inaruka, nitaisafisha kwanza. Kanitazama. Ewald akikutazama hivyo unakumbuka hata dhambi za utotoni.

Kwenye Usikilizaji nimepiga Wareno. Kanuni zetu ni mbili: santuri moja ya zamani na moja mpya, na anayeongea kabla sindano haijanyanyuliwa anaosha glasi zote za kahawa. Truda, mke wa Hubert, mpiga ngoma wetu, na mwimbaji wa kanisani, hata hakufika kwenye kiitikio: "Yesu na Maria, huyo dada apelekwe hospitali!" Kaosha glasi kumi na tisa. Lakini kule kwenye beseni kaninong'oneza nimwandikie jina la kundi. Ha! Hata huyo nimempata. Huu ndio ufundi wangu. Wengine walipata nishani za kuchimba makaa. Mimi nimewatia watu hawa kelele masikioni, na hakuna anayenidai kuzitoa.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku mbaya. Leo ilikuwa mazoezi ya kwanza ya sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji. Tumeahidi kupanda jukwaani tena sisi watatu: mimi gitaa na kuimba, Ewald besi, Hubert ngoma. Ukumbi wa wachimbaji, miaka arobaini tangu tulipopiga mle mara ya kwanza.

Hubert kaja mikono mitupu. Vijiti kamgawia jirani.

"Sipigi," kasema. "Moyo wangu unaendeshwa na waya wa daktari tangu masika. Wimbo wa nne utaniua."

Ewald kasema basi tuuache huo, tupige mingine.

"Na watu waseme nini? Hubert kazeeka, wimbo wake umemshinda? Bora nisionekane kabisa."

Kageukia ukuta. Hubert! Aliyeshuka shimoni nami miaka ishirini na sita akiimba kwenye lifti. Truda kamshika mkono, wakaondoka. Mlangoni kaniambia, "Shemeji, msimsumbue tena."

Nimekula roli za nyama mbili, hazikuwa na ladha.

Jumanne, 19 Novemba

Dawa ya Hubert iko kabatini kwangu, chini ya mashuka. Upana wa sahani, ina tundu katikati.

Nikiitoa anapiga ngoma. Nikiitoa mimi ndiye mjinga wa karne.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeitoa.

Nilikwenda mwenyewe kwa Truda kumwomba amlete Hubert, asikilize tu. Nikaweka upande wa kwanza bila utangulizi. Sindano ikashuka. Na hapo nikagundua kanuni yetu ni tamu kiasi gani — hakuna aliyeruhusiwa kuongea! Watu ishirini wakanikodolea macho dakika ishirini na mbili. Wimbo wa nne ulipoanza kutembea Ewald kafungua mdomo, kakumbuka glasi, kaufunga. Kawa mwekundu kama bitiruti ya supu. Hubert goti lake likaanza kwenda, polepole, pamoja na ngoma.

Nikanyanyua sindano.

"Alojz," kasema Hubert. "Miaka arobaini umekuwa ukiniua."

"Ina mkwaruzo, eh?" kasema Ewald. "Inaruka, eh? Mkwaruzo uko kwenye roho yako, mzee wewe!"

Nikaeleza yote, mpira uliolegea na mpira mpya. Nilingoja wanitoe nje. Mmoja kaanza kucheka kule nyuma, wakafuata wote, hadi mlinzi kaja kuchungulia. Kisha Ewald kasimama. Ewald hasimami ovyo.

"Lakini ngojeni. Waingereza wenyewe hawakuweza kuupiga wimbo wao kama tulivyoupiga sisi. Hakuna mtu duniani aliyeupiga vile. Sisi peke yetu, na tulidhani tunaiga!"

Wakapiga meza! Mimi nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia santuri. Kilikuwa mkononi.

Truda alikuwa anahesabu kwa kidole. "Kwa mwendo huu wa binadamu," kasema, "atapiga." Hubert kamtuma mtu kwa jirani kufuata vijiti.

Jumapili, 1 Desemba

Mazoezi ya nne kwa mwendo wa Waingereza. Hakuna kosa. Rangi ya Hubert nzuri, pumzi nzuri, Truda anafuma soksi kando. Na uso wa Hubert ni wa mtu anayelishwa uji wa hospitali.

Nimemuuliza vipi. "Salama," kasema. Sijawahi kusikia neno salama likisemwa kwa huzuni vile.

Jumatano, 4 Desemba

Naandika nyuma ya pazia, daftari juu ya spika.

Asubuhi bendi ya tarumbeta imepita chini ya madirisha kutuamsha, kama kila mwaka, kofia za manyoya meusi. Mgodi umefungwa, bendi haijafungwa. Sasa ukumbi umejaa hadi mlangoni. Mama mmoja mnene kanijia na kanda ya zamani, mwandiko wangu juu yake, kasema alijifungua watoto watatu na kanda hii. Sikuuliza zaidi. Nimeitia sahihi.

Tumeshapiga sita. Tumebakiza ule wa nne. Huko nje wanaudai kwa kupiga miguu.

Hubert kaketi mbele yangu anapasha vijiti gotini. Haviendi mwendo wa Waingereza. Vinakimbia.

"Hubert," nimemwambia, "tumeahidi. Shemeji yuko safu ya kwanza na dawa mkobani."

"Nilimuuliza daktari kama naweza kukimbilia tramu."

"Akasemaje?"

"Moja. Kasema, moja tu." Anacheka kama yule wa kwenye lifti. "Wimbo una dakika ngapi, Alojz? Kwa mwendo wetu, tatu na nusu. Hiyo ni tramu moja."

Ewald kavua saa, kaitia mfukoni.

"Lakini anayetuhesabia kuanza ni wewe," kasema Hubert. "Wewe uliyetuharibu. Ukihesabu polepole, nitapiga polepole, na sitakulaumu."

Wanatuita mara ya pili. Truda namwona kwa upenyo wa pazia, kaacha kufuma. Nimejiambia polepole, Alojz, rafiki ni mmoja. Nimejiambia mara tatu. Mguu wangu wa kulia umeshaanza kupiga sakafu, na mjinga huyu wa mguu hajawahi kusikia habari za Waingereza